Nafasi ya Vidole Vinne

Masika yakikaribia, gereji yangu hapa Picha ya Ndege, Kibaha, hugeuka darasa la dini. Sikuliomba. Mimi ni fundi wa miguu ya gari: springi, shokapu, bushi, boljointi, rimu na matairi. Lakini mteja mwenye gari lililoshushwa akishatajiwa gharama ya kulirudisha juu kabla ya mvua, hapohapo anakuwa mwanachuoni. "Fundi, ajali haina kinga. Kilichoandikwa kimeandikwa." Anayasema hayo kijana ambaye juzi tu alikesha mtandaoni akitafuta taa za Altezza. Taa hakuiachia kadari imletee.

Nacheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Watu wakubwa wamelihangaikia. Ikiwa Mwenyezi Mungu anajua tangu azali gari lipi litapinduka kwenye mteremko upi, mimi na spana zangu tunaongeza nini? Gereji hulijibu kwa mkato, maana mikono ina grisi na mwenye gari ana haraka. Hapa nitajinafasi kidogo.

Kwanza asiyeyajua magari haya ayaone. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane, kilomita 19.2 za lami pana, na juu ya lami hiyo ndipo mapenzi ya gari la chini yanapokolea. Mark II GX100, Altezza, Verossa, Subaru Impreza: yote yalishuka bandarini yakiwa yametumika Japani, na machache yalishushwa hukohuko na watu waliojua wanachofanya. Mengi hushushwa hapa. Mwenye pesa hufunga koilova, yaani shokapu yenye uzi na pete, ukizungusha pete gari linapanda au linashuka. Asiye na pesa hukata springi. Springi inatolewa, fundi anakadiria kwa jicho mzunguko mmoja au mmoja na nusu, anapitisha grainda, cheche zinaruka, kipande kinadondoka sakafuni. Kazi ya asubuhi moja. Gari linakaa chini, tairi linajificha ndani ya fenda, mwenyewe anapiga picha.

Gari kama hilo, lilivyotoka kiwandani, ulikuwa unaweza kusimama pembeni yake ukaingiza vidole vinne kati ya tairi na fenda. Vijana wanauona uwazi ule kuwa ushamba. Ila una kazi. Gurudumu likikutana na shimo, jiwe au tuta lisilo na alama, linahitaji pa kupandia. Springi inajikunja, shokapu inaituliza, na kuna raba mwisho wa safari kwa ajili ya siku mbaya. Wahandisi wa Toyota walioitoa GX100 mwaka 1996 hawakuijua barabara ya Maneromango. Walichojua ni kwamba dereva, awe nani na awe wapi, hataona kila kitu. Vidole vinne vile ni sehemu ya gari iliyotengwa kwa ajili ya yale dereva asiyoyajua.

Kwa hiyo anayekata springi amekata chuma, ndiyo, lakini amekata pia akiba aliyowekewa kwa ajili ya kutojua kwake. Kiangazi hilo halimuumi sana, kwa sababu shimo linaonekana tangu mbali na yeye analikwepa. Ikifika Machi mashimo yote yanajaa maji. Kutojua kunaongezeka, akiba haipo. Hapo ndipo anapokumbuka dua, na dua yake, ukiichambua, inamwomba Mungu amrudishie kile alichokipunguza mwenyewe kwa grainda.

Chukua njia ya Mlandizi kwenda Mzenga mpaka Maneromango. Masika dimbwi linaenea upana wote wa barabara, maji yake ni chai ya maziwa, na kina chake hakijulikani: pengine sentimita tano, pengine nusu mita. Au upande wa Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu vyenye kaolini, ule udongo mweupe unaofinyangiwa vyombo vya kauri. Ukiacha lami ukaingia njia za ndani, mfinyanzi uliolowa haushikiki kwa tairi lolote, sembuse lililochakaa. Dereva wa gari la juu naye hajui kilichomo dimbwini. Tofauti ni kwamba gari lake limeachiwa nafasi ya kugundua.

Hadithi ya bedui na ngamia wake kila mtu hapa anaijua. Imo kwenye mkusanyiko wa Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume amwache ngamia bila kamba na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Imehubiriwa mpaka imekuwa laini, na wateja wangu wana majibu yake tayari. "Nimeshafunga, fundi. Breki zipo, waipa zipo, bima ipo." Wana hoja. Hadithi imesema funga, haikutaja mafundo mangapi. Mtu anaweza kufunga kamba moja mbovu na kujihesabu miongoni mwa wenye kutawakali.

Aliyenifungua macho ni mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ustadhi wetu alikuwa akisomesha baada ya magharibi ule mlango wa tawakuli katika kitabu chake, Ihya, nami nilikuwa nimekaa nyuma kwa sababu ya harufu ya dizeli. Ghazali anazigawa sababu kwa uzito wake. Kuna za yakini, kama kunyoosha mkono kukitwaa chakula kilicho mbele yako. Anayeacha kuunyoosha akingoja Mungu amshibishe bila kula, huyo kwake ni mwendawazimu, na tawakuli haimo. Kuna za dhana yenye nguvu. Na kuna za kuwazia tu, na hizo ndizo mwenye kumtegemea Mungu anatakiwa kuziacha. Alipofika kwenye kujikinga na madhara alitoa mifano ambayo ungedhani aliwahi kulala bonde la Ruvu: kulala kwenye mkondo wa mafuriko, kulala chini ya ukuta ulioinama. Anayefanya hayo anajiangamiza bure, hata akiyaita tawakuli.

Kesho yake nilipoingia uvunguni mwa gari niliuona mgawanyo ule kama umeandikiwa gereji. Shokapu inayovuja mafuta, tairi lililoisha, boljointi inayocheza: hizo ni za yakini. Madigadi na taa za ukungu ni za dhana. Na za kuwazia nazo nimezikuta. Kuna gari nililifungua nikaona hirizi ya ngozi imefungwa kwa waya kwenye krosimemba, shubiri moja kutoka kwenye boljointi iliyokuwa imekwisha kabisa, unaitikisa kwa vidole viwili na inaitika. Mwenyewe alinisihi nisiiguse hirizi. Boljointi hakuiulizia.

Wakristo wana hoja yao, na kwa maoni yangu ni kali kuliko ya ngamia. Maneromango ina misheni ya Kilutheri tangu mwaka 1895, na mwinjilisti mmoja wa kule huniletea Noah yake nimkazie bushi. Siku moja alimsikia kijana akinitupia lile neno la kilichoandikwa. Akamwambia: "Mdogo wangu, Shetani naye alisema imeandikwa." Akatusimulia jinsi Yesu alivyopandishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, kwa kuwa malaika wameagizwa wamdake, na jinsi alivyokataa akasema Mungu hajaribiwi. Shetani, akasema mwinjilisti, alikuwa ananukuu Zaburi. Aya ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuitumia kama ruhusa ya kuruka. Kijana alinyamaza, akalipia bushi, springi akaziacha vilevile. Hoja nzuri haigeuzi watu mara moja, la sivyo ningekuwa tajiri.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nimepanda mimbari kuyalaani magari ya chini. Nayapenda. GX100 nyeupe iliyokaa sawa juu ya rimu za inchi 17, magurudumu yameinamia ndani kidogo tu, inapita taratibu Maili Moja jua likizama, mimi nasimama nikaitazama kama wengine. Wapo masheikh watakaosema ni israfu. Mimi si mwanazuoni, ila najua katika Sahihi Muslim Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, naye hakumhesabu mtu huyo kuwa mwenye kiburi. Alieleza kwamba Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa kipimo hicho gari la chini halina dhambi ndani yake. Mwenye kiburi ni yule ambaye nimemwonyesha nyaya zimetokeza kwenye tairi lake akasema litafika tu, kisha akapakia watoto wa jirani.

Na hili la watoto wa jirani ndilo linalomshinda mteja wangu wa kadari. Mtu anaweza kuiridhia kadari yake mwenyewe, na pengine ni ucha Mungu mkubwa. Ya mwenzake hana idhini ya kuiridhia kwa niaba yake. Mama yangu anaishi Masaki, Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya mabalozi, na kwenye barabara ya kwenda kwake nimewahi kukaa foleni kwa sababu ya gari moja lililolalia tumbo katikati ya mifereji iliyochimbwa na malori. Magurudumu manne yanazunguka, hakuna linalogusa ardhi sawasawa. Nyuma yake bodaboda, Noah za abiria, lori la mkaa, na gari lililombeba mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya wilaya. Dereva wa gari lililolala alikuwa anasema inshallah. Mgonjwa alikuwa anasema jina la mama yake. Sote tulishuka tukasukuma, na hilo nalo labda lilikuwa limeandikwa, lakini aliyetushusha wote kwenye matope alikuwa na springi nzima nyumbani, ameziweka chini ya kitanda.

Ndugu zetu wa Nordiki, ambao Kibaha tunawakumbuka kwa sababu mradi wao wa mwaka 1963 ndio uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, wamelimaliza suala hili kwa sheria. Swideni, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu gari linatakiwa liwe na matairi ya baridi, uwe na imani usiwe nayo. Sisi masika yetu tumeachiwa dhamiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla msimu haujaanza, na baada ya hapo kila mtu na Mola wake na fundi wake.

Basi niseme kazi yenyewe, kwa sababu dhamiri bila wili spana haifiki mbali.

Springi iliyokatwa hairekebishwi. Inatoka, inaingia nzima. Ubaya wake mkubwa uko mahali ambapo mwenye gari haoni: gurudumu likining'inia, kwa mfano gari likiruka kingo ya mtaro, springi fupi inacheza kwenye kikombe chake na inaweza kukaa upande. Shokapu nayo, kwa kuwa inafanya kazi ikiwa imeshajikunja nusu, inagonga mwisho kila shimo, sili inakatika, mafuta yanashuka. Ukiona shokapu imelowa na imeganda vumbi, hiyo imeshakufa. Mwenye koilova ana nafuu, lakini aje mapema: matope ya mwaka jana yameukamata uzi, na pete haizunguki mpaka isuguliwe kwa brashi ya waya na kulainishwa. Tunalipandisha gari mpaka vidole virudi, kisha tunapaka grisi nzito kwenye uzi. Gari likishapanda, pembe zote za magurudumu zimebadilika, kwa hiyo linakwenda wili alaimenti upya. Wengi huruka hatua hii ili kubana matumizi, halafu ndani ya masika hayohayo wanakula matairi mawili.

Tairi sitazami kwa nje. Gari la chini magurudumu yake huinamia ndani, na upande wa ndani ndio unaoisha. Ninaingiza mkono nyuma ya tairi na kupitisha kiganja taratibu kwenye ukingo. Nje kashata, yaani meno ya tairi, bado zimesimama, tairi linang'aa, mwenyewe kalipaka dawa. Ndani kiganja kinateleza kwenye raba tupu, kisha kinachomwa na waya. Tairi la namna hiyo halina mifereji ya kutolea maji upande uliobeba gari. Likikutana na maji kwenye mwendo linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, kwa hiyo wenye rimu kubwa wasijidanganye kwamba upana ni mshiko. Ulaya sheria za nchi nyingi zinakubali kina cha milimita 1.6; kwa masika ya huku mimi hulikataa tairi likishafika 3. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikiwa imekaa dukani.

Rimu ivuliwe, ioshwe ndani, itazamwe kama ina ufa au imekunjwa na shimo. Uso wa habu usuguliwe ili rimu ikae sawa, nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, na baada ya mwendo wa siku moja au mbili zikazwe tena. Upepo ujazwe kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, gari likiwa halijatembea. Na yule aliyehamishia chujio la hewa chini nyuma ya bampa ili injini ivute hewa baridi, alirudishe juu kabla hajafika dimbwi la kwanza. Injini ikimeza maji konrodi inapinda, na hapo tunazungumzia bei ya injini.

Kuna wateja wa aina ya pili, na hao wananitia wasiwasi kuliko wa kwanza. Wamefanya yote niliyoyataja, tena wengine wamezidisha, wameweka spesa za kulinyanyua zaidi mpaka gari linayumba kwenye kona, kisha wananiuliza: "Fundi, sasa hapa niko salama kabisa, eeh?" Hili sijawahi kulijibu ndiyo. Ghazali anamhofia mtu ambaye moyo wake umetulia juu ya sababu zenyewe, na naona kwa nini. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga. Mbele ya maji yale Land Cruiser na Altezza zilikuwa na hadhi moja. Hakuna springi ya kuvukia barabara ambayo haipo. Mtu akishafunga kila kinachofungika, mahali pa kusema hasbiyallahu bado pako palepale, tena ni hapo tamko linapokuwa na maana, kwa sababu halifichi kazi iliyoachwa.

Ndiyo maana mimi sioni ugomvi kati ya dua na spana. Naona mpaka. Shokapu iliyovuja iko upande wa spana, na kuipeleka upande wa dua ni kumtwisha Mungu kazi ya gereji. Mvua itakayonyesha usiku wa kuamkia safari iko upande wa dua, na kuiwekea spesa ni kujidanganya. Kijana wa "kilichoandikwa" anausogeza mpaka huo upande mmoja, mteja wa "niko salama kabisa" anausogeza upande wa pili, na wote wawili wanapata usingizi wasioustahili.

Wenye magari ya chini wa Kibaha na Kisarawe, nawaomba mje Februari, msingoje tope la kwanza, kwa maana wiki hiyo mnakuja wote pamoja na mimi nina jeki mbili. Aliyeweka springi zake chini ya kitanda azilete. Aliyeziuza akatafute Gerezani, Kariakoo. Seti nzima ya GX100 iliyotumika bado inapatikana kule, na ni nafuu kuliko bampa. Juni, nchi ikikauka, nitakushushia tena bila neno, kwa koilova. Springi kwangu haikatwi.